Maonyo Niliyokuandikia

Mwanangu Wekesa,

Usicheke. Najua ukifika hapa utacheka, halafu utaangalia huku na huku kama kuna mtu amekuona. Tangu nijue kuongea umeniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yako aliyekufa kabla sijazaliwa, na kwetu mtoto akichukua jina amechukua na cheo. Watoto wengine wenye majina kama yangu wanajua kujibu. Yule binamu yangu wa kule nyumbani, baba yake akimwambia, "Mama, leo nimechoka," yeye anamjibu, "Pole mwanangu, kuja nikupakulie," na watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa na kutafuta kitu cha kushika. Hujawahi kusikia neno mwanangu kutoka kwa mdomo wangu.

Leo nalijaribu kwa karatasi. Kesho unapanda lori la Mzee Abdi kwenda Juba, na kuna jambo ambalo mtoto hawezi kumwambia baba yake. Labda mama anaweza kumwambia mtoto wake.

Sitakuambia mambo ya maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala mahali pa kuficha pasipoti. Mke wako, mama yangu mzazi, ameshasema hayo yote tangu jana, na bado anaendelea huko jikoni. Saa hii tu ameniita, "Mama mkwe, kama umemaliza kujificha njoo uoshe sufuria." Nikamwambia nakuja. Siendi. Nikienda huko nitakuona umekaa na kile kibegi chako, na maneno yatarudi chini.

Unakumbuka Mzee Abdi alivyokuja hapa kwetu Kimumu kukuletea hiyo kazi? Alivua viatu mlangoni ingawa ulimwambia aache tu. Akanywa chai, akakueleza habari za depo yake ya mafuta, kwamba anataka karani mtu mzima asiyependa maneno mengi. Halafu mimi nikaingia na thamosi ya pili, ukaniambia, "Mama, ongezea mgeni." Akashangaa. Ukamweleza habari ya jina. Akafurahi sana yule mzee, akageukia kwangu akasema, "Kumbe mwenye mtoto ni wewe! Basi mama, nimekuja kuomba mtoto wako. Juba kuna jua kali, lakini nitamwangalia. Unanipa ama hunipi?"

Wote mlicheka mkaningojea. Hiyo ilikuwa nafasi, Baba. Mtu mzima ananiuliza mbele yako kama nakubali uende, na kwa hiyo meza mimi nilijua vizuri kwamba hukupaswa kwenda popote. Nikatingisha kichwa kukubali. Nikamwaga chai kidogo kwa sahani. Mzee Abdi akasema, "Mama amekubali," na ikawa imeisha.

Nitaanza mbali kidogo ili nisiruke kitu.

Ile programu ya sosaiti yetu ya ushirika wa maziwa uliiandika ukiwa karani tu wa kupokea maziwa, kabla hata sijaanza shule. Hakuna aliyekutuma. Ulinunua kitabu kikuukuu pale karibu na soko, kimeng'oka jalada, ukawa unajifunza na mguu mmoja unanibembeleza. Mama amenisimulia hivyo mara nyingi. Nilipokuwa darasa la sita ulinionyesha kwa mara ya kwanza. Ulisema programu ni kama sosaiti yenyewe: kuna wa kupima, wa kuandika, wa kumwaga kwenye tangi. Kila mmoja ana jina na kazi yake, na ukimwita kwa jina anafanya. Hao ndio fanksheni. Zako ulizipa majina ya Kiswahili, na mimi nikadhani dunia yote wanafanya hivyo, mpaka nilipofika chuoni na kukuta kila kitu ni Kizungu.

Kulikuwa na moja niliyoipenda kwa sababu ya jina. NgojaNgombe. Ng'ombe akidungwa sindano ya dawa, maziwa yake hayafai kuingia kwenye tangi mpaka dawa iishe mwilini. Daktari wa mifugo akituma habari, NgojaNgombe inamzuia yule mkulima. Asubuhi akifika na mtungi wake, skrini inakuambia bado, na wewe unamwambia, "Mzee, ng'ombe wako bado anaumwa, rudi nayo." Nilikuwa nakuuliza kama ng'ombe anajua anangojwa. Ulisema anajua.

Ndiyo hiyo niliyoua.

Nilipomaliza kozi yangu uliniombea nafasi kwa Madam Jeruto, meneja mpya. Ulienda ofisini kwake umevaa koti la kanisani. Nikachukuliwa, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuandika upya programu yako. Ulinicheka siku hiyo tukirudi kutoka kazini. "Mama amekuja kufua nguo za mtoto wake," ulisema. Nilifurahi. Nilidhani nitazifua zing'ae.

Nikaisoma NgojaNgombe. Ilikuwa ndefu, inazunguka. Haikumwangalia tu mwenye ng'ombe. Ilienda kuangalia mtoto wake aliyeoa, jirani wa ng'ambo ya shamba, shemeji, nani humbebea nani maziwa wakati wa mvua. Nikaona ni uchafu wa miaka mingi, kama vitu unavyokuta nyuma ya kabati. Nikaandika yangu, fupi, safi, nikaiita Zuio. Inaangalia namba ya mkulima na siku zilizobaki, basi. Niliijaribu kwa namba za wakulima wote na haikukosea hata moja.

Sasa, chuoni mwalimu wetu alitufundisha jambo moja kuhusu fanksheni iliyozeeka. Alisema haifukuzwi kama mbwa. Unaiacha mahali pake ifanye kazi, lakini unaiwekea alama juu, na ndani ya ile alama unaandika ujumbe: hii inaondoka, tumia ile nyingine. Kila mtu anayeiita bado, kompaila, yaani ile inayoijenga programu, itamtolea onyo la manjano lenye maneno yako. Onyo halizuii kitu. Programu itajengeka, itatembea. Ni kumpa mtu muda ahame. Akasema pia kuna neno dogo ambalo ukiliongeza mwishoni mwa ile alama, onyo linageuka kosa, linakuwa jekundu, na programu inakataa kujengeka kabisa mpaka yule mtu ahame. "Hilo neno," alisema, "usiliweke kabla hujaongea na watu."

Kuongea na watu. Nilipaswa kutembea hatua chache tu kutoka meza yangu hadi yako, niseme, Baba, nafikiria kuondoa NgojaNgombe, hebu nieleze hii mizunguko ni ya nini. Kila asubuhi nilijiambia leo. Lakini ningesemaje? Kwamba kitu ulichokiandika ukinibembeleza ni kizee? Kwa hivyo nikaiwekea alama, na nikaandika ujumbe mwenyewe. Wa kwanza ulisema, "Imepitwa na wakati. Tumia Zuio." Nikaona ni mkali. Nikabadilisha: "Baba, hii itaondolewa. Tuongee." Wiki nyingine nikaandika: "Baba, naomba unieleze hii kabla sijaiondoa." Nyingine hata haikuwa na habari ya kazi: "Baba, siku hizi husemi sana. Umekasirika?"

Uliijenga programu mara nyingi katika siku hizo, na hukusema kitu.

Hapa ndipo penyewe, mwanangu. Nilijua huoni. Nilijua tangu mwanzo. Siku yangu ya pili pale ofisini nilikaa kwa mashine yako kutafuta faili na nikaona umezima maonyo yote. Nikakuuliza, nawe ukasema, "Hizo ni kelele tu, Mama. Programu inatembea ama haitembei? Ikitembea, manjano ya nini?" Basi nilijua. Niliendelea kukuandikia mahali ambapo nilijua husomi, kwa sababu hivyo ningeweza kulala nikijiambia nimekuambia. Kumwandikia mtu mahali ambapo hasomi si kumwambia. Ni kujisafisha mikono tu.

Halafu ile Ijumaa Madam Jeruto akasimama nyuma yangu na kikombe chake. Kwa mashine yangu maonyo hayakuzimwa.

"Nafula, haya manjano yote ni ya nini?"

"Ni maonyo, Madam."

"Ya nani?"

"Ya zile za zamani."

"Na hizo za zamani zinangoja nini?"

Zilikuwa zinakungoja wewe. Sikuweza kusema. Nikasema, "Hakuna, Madam." Akasema basi Jumatatu asione manjano. Alipotoka nilirudisha ule ujumbe wa kwanza, ule mkali, kwa sababu sikutaka akirudi asome mambo ya Baba. Nikaongeza lile neno dogo mwishoni. Nikazima kompyuta, na tukarudi nyumbani pamoja, mimi na wewe. Ulininunulia mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. Nilikuwa na nafasi njia nzima.

Jumatatu mimi nilikuwa kule nje na wapokeaji maziwa. Wewe ulikuwa unataka tu kuongeza njia mpya ya kukusanyia, kazi ndogo. Ukaizima programu ili uijenge upya, ikakataa. Jekundu. Kosa halizimwi kama onyo. Mitungi imepangwa mpaka nje ya geti, madereva wanapiga kelele, "Karani, maziwa yataganda!" Ukasoma, "Imepitwa na wakati. Tumia Zuio."

Ulijua ni mimi. Nani mwingine pale angekuandikia Kiswahili?

Ungeniita. Ungefuta ile alama, ni mstari mmoja. Lakini ulifanya nilivyokuambia. Ulitoa NgojaNgombe ukaweka Zuio, programu ikajengeka, na maziwa yakaanza kupokelewa. Mara ya kwanza ukasoma neno langu, ukalitii. Hakuna siku nimekuwa mama yako kuliko hiyo, na ndiyo siku nilikuangusha.

Sasa najua ile mizunguko ilikuwa ya nini. Mzee Kiptoo ng'ombe wake wawili walikuwa kwa dawa. Yeye si mtu mbaya. Maziwa yapo, ndama hawezi kuyamaliza, kuyamwaga kunauma. Akampa Kibet, mwanawe wa shamba la pili, ayalete kwa namba yake. Wewe ulikuwa umesimama kwa ile ngazi ya mapokezi miaka yote hiyo ukiona nani anabeba mtungi wa nani, na ulikuwa umewaandika wote humo ndani, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu. NgojaNgombe ingemwambia Kibet bado. Zuio iliangalia namba yake ikaona ni safi, ikampitisha.

Kiwandani walipima wakakuta dawa, tangi lote likarudishwa. Nilikuwa pale likifunguliwa. Maziwa ya watu wote wa siku hiyo, hata ya yule mama mwenye ng'ombe mmoja, yalimwagwa kwenye mtaro. Mtaro ukawa mweupe hadi barabarani. Mbwa walikuja. Wakulima walisimama wakiangalia mpaka tangi likaisha.

Madam alituita ofisini. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi za printa.

"Nani alibadilisha hapa?"

"Ni mimi," ulisema.

"Mzee Wekesa, wewe ndiye uliiandika. Kwa nini uitoe?"

"Niliona hii mpya ni nzuri zaidi."

Uliniangalia? Sijui. Mimi nilikuwa naangalia karatasi. Ulisema kazi yangu ni nzuri zaidi, wakati harufu ya maziwa inaingia kwa dirisha, na mimi nikaendelea kupanga karatasi kando kwa kando. Hukufukuzwa kwa sauti. Madam alisema tu kwamba umechoka, sasa kuna vijana. Ulikabidhi funguo. Ulisalimia mpaka yule wa kufagia.

Jioni ile nilikufuata nyuma ya nyumba ukifungia kuku. Nilisema, "Baba..." Ukanikatiza.

"Mama, hata usianze. Mmoja akianguka inatosha. Sosaiti wakijua ni wewe, tutakula nini hapa, majani?"

"Lakini Baba..."

"Mimi nilikuwa nimebakisha muda tu. Hata macho siku hizi naona herufi mbili mbili. Wewe ndio unaanza. Nyamaza. Naomba kama mtoto wako."

Ukacheka, ukafunga mlango wa kuku. Nami nikanyamaza, na kunyamaza kwangu tukakuita utiifu sote wawili. Lakini mimi najijua. Hata usingeniomba ningenyamaza.

Wacha nikuseme na wewe kidogo, kwa sababu ni haki ya mama. Una tabia ya kuzima maonyo. Si ya kompyuta peke yake. Daktari alikuambia habari ya presha, ukasema, "Natembea ama sitembei?". Mama alikuambia kwamba yule meneja mpya anatafuta vijana, ukasema ni kelele. Mimi nilikaa mezani wiki nzima nikisukuma ugali, na hukuuliza. Sikulaumu. Ulizoea kusikia jekundu tu, na watu wengi wa nyumba yetu wanasema kwa manjano. Huko Juba, mtu akikuambia kitu kwa upole, simama kidogo. Huenda ndiyo sauti yake yote.

Na mimi, ambaye sina hata miaka ishirini, nimejifunza kitu kimoja ambacho sikutaka kukijifunza kwa bei hii. Kabla ya kusema kitu cha mtu ni kibaya, muulize alikuwa anaogopa nini alipokitengeneza. Kila mzunguko kwenye NgojaNgombe ulikuwa na mtu ndani yake. Ningekuuliza ungenisimulia wote, na tungechelewa chakula.

Jumatatu inayokuja Madam anataka nifute vipande vyako vyote ambavyo havitumiki tena. Nitavifuta. Ndiyo kazi, na vingine kweli vimezeeka, hata wewe ungesema hivyo. Kabla ya hapo nitaenda kwa mlango wake. Nimejaribu maneno mbele ya kioo: Madam, ile Jumatatu ilikuwa ni mimi. Kwa kioo yanatoka. Kwa mlango wake sijui. Najua umenikataza, na najua hayatarudisha lori la Mzee Abdi. Atakapokuwa akinisikia, wewe utakuwa umepita Lodwar. Nikifukuzwa tutakula hayo majani. Ila sitaki kuendelea kuketi kwenye kiti chako nikisikia watu wakisema karani alizeeka akaharibu.

NgojaNgombe sitaifuta. Nimeshairudisha mahali pake, yenyewe na mizunguko yake yote, na tangu wiki iliyopita Kibet amerudishwa mara moja akacheka akisema, "Huyo karani ameenda lakini macho ameacha hapa." Siku moja atakuja kijana mwingine, safi kama nilivyokuwa, aone ni ndefu na atake kuiondoa. Kwa hivyo nimeiwekea alama juu, bila lile neno dogo. Akiigusa, itafanya kazi kama kawaida, na kwa skrini yake litatokea onyo la manjano. Najua wewe hutaliona kamwe, kwa hivyo nakunakilia hapa, mahali ambapo utasoma:

"Iliandikwa na mwanangu. Usiiondoe kabla hujamuuliza."

Mama yako,
Nafula